Sura ya Tano: Ndoa ni Watu Watano

Mashua zetu mbili zilikuwa zimelala ubavu kwenye tope. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi ya harusi, tukielekea kijiji kimoja kilichojificha ndani ya mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma, na mimi nilikuwa katibu wa kamati. Daftari langu lilikuwa na kila kitu: viti mia mbili, maturubai manne, ng'ombe mmoja, spika, mpiga picha, hata pini za shela. Saa ya kuondoka nilikuwa nimeiandika kwa kalamu nyekundu: saa nne kamili. Wageni hamsini na ushei wa upande wa bwana harusi walisimama ufukweni, kanzu zimepigwa pasi, baibui zinanukia udi, wote wakitazama mahali ambapo maji yalipaswa kuwapo.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitengeneza nyavu kivulini, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii saa nne mliambiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyetuambia. Tuliichagua mjini, kikaoni, kwa sababu ilionekana saa nzuri ya kuondoka.

Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu. Mtoto yeyote wa pwani ile anajua maana yake: bamvua. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu saa nzima, hata baada ya wiki moja, yakifika maji mafu, mambo yamegeuka: saa nne ya asubuhi ndiyo ya maji kujaa. Tungeoa wiki moja baadaye, mashua zingeelea. Tungewauliza wenye bahari, tungeondoka alfajiri.

Ajabu yake, jibu tulikuwa nalo ukutani. Harusi yetu ilipangwa kwa kalenda ya mwandamo, tarehe kumi na tano ya Shaabani. Mwenye kujua tarehe ya mwandamo anajua na maji: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, robo zake ni maji mafu. Tulisoma kalenda kwa ajili ya sheikh, tukasahau kuisoma kwa ajili ya nahodha.

Na bado ndoa ilifungwa saa tano na nusu, kama ilivyoandikwa kwenye kadi. Ilifungwa bila sisi.

Watano wa mkekani

Aliyeiokoa siku ile ni mjomba wa bwana harusi, mtu asiyekuwa hata na cheo kwenye kamati. Ijumaa alasiri, maji yakiwa yamejaa, alimchukua mpwa wake na mashahidi wawili, wakavuka. Tulipomwambia kwamba safari ya pamoja ingependeza zaidi kwenye picha, alijibu, "Mjomba, mtu anayeoa halali ng'ambo ya maji." Tulidhani ni ukaidi wa wazee.

Waswahili tunasema shughuli ni watu, na ni kweli. Lakini shughuli ni jambo moja na ndoa ni jambo jingine. Shughuli inataka watu mia tano. Ndoa inataka watano. Kwa Waislamu wengi wa pwani yetu, wanaofuata madhehebu ya Shafi, watano hao ni mume, mke, walii wa kumwoza mke, na mashahidi wawili. Kisha pawepo mahari na maneno ya kuoza na kukubali. Kanisani, iwe Ndanda au Masasi, hesabu haibadiliki: bwana, bibi, padri au mchungaji, na mashahidi wawili. Ukienda kwa mkuu wa wilaya ni hivyo hivyo, msajili akikaa mahali pa padri.

Katika vikao vya harusi nilivyowahi kuhudhuria, saa nyingi huliwa na wale mia tano: rangi ya vitambaa, ukubwa wa keki, nani atakaa meza ya mbele. Wale watano hawajadiliwi, kwa kuwa kila mtu anadhani watakuwepo tu. Kumbe kujiandaa kwa yasiyotarajiwa ni kuugeuza mjadala huo. Kamati ijiulize kwanza: ni kitu gani kikikosekana hakuna ndoa? Hicho kilindwe mara mbili. Kingine chochote kikiharibika, kitakuwa simulizi ya kuchekesha mwaka ujao.

Mjomba aliyelea na baba anayeoza

Tukianza na walii, tumeanza na penye miba. Wamakonde, kama Wayao na Wamakua walio jirani zao, kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti. Posa hupita kwake, na mara nyingi yeye ndiye aliyemlea na kumsomesha msichana. Lakini katika fikihi mjomba si walii. Walii hutoka upande wa baba: baba mwenyewe, kisha babu mzaa baba, kaka, na kuendelea kwa mpangilio wake. Kwa hiyo hutokea, watu wameketi jamvini, ubani unafuka, sheikh anauliza, "Walii yuko wapi?", mjomba anainua mkono, na sheikh anatikisa kichwa. Baba yuko ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na simu yake haipatikani.

Mto huo una watu wamoja kingo zote mbili. Huku shangazi, kule baba mdogo. Tangu machafuko ya Cabo Delgado, ng'ambo hiyo ya Msumbiji, yaanze mwaka 2017, safari iliyokuwa ya kawaida haina tena uhakika, na kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilishambuliwa Oktoba 2020. Familia yenye walii ng'ambo haiwezi kumtegemea afike asubuhi ya siku yenyewe.

Dawa yake ipo, ni ya zamani na haigharimu kitu. Walii anaruhusiwa kuweka wakala. Wiki tatu kabla, baba aulizwe. Kama hana uhakika wa kufika, amtaje mtu wa kumwakilisha, mbele ya mashahidi, na sheikh atakayefungisha ajulishwe mapema. Na wakala huyo anaweza kuwa mjomba yule yule. Hapo sheria imetimia na mila haikuvunjiwa heshima: mjomba aliyelea ndiye anayeoza, kwa idhini ya baba. Nimeona wazee wawili waliokuwa hawasemezani wakipatana kwa neno hilo moja. Likiachwa hadi siku ya ndoa, neno hilo hilo huwa ugomvi.

Kizingiti kingine ni eda, muda ambao mwanamke hungoja kabla ya kuolewa tena. Bibi harusi aliyepata kuolewa aulizwe mapema, kwa faragha, na mwanamke mwenzake: talaka ilitoka lini, au mume alifariki lini? Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, ikiwa si mjamzito. Mtalaka huhesabu vipindi vyake. Kadi zikichapishwa kabla ya hesabu hiyo, hakuna mshereheshaji atakayeifunika aibu yake.

Na serikali nayo ina siku zake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku zisizopungua 21 kabla. Wengi huziona siku hizo kama urasimu. Mimi naziona kama zawadi: ni siku 21 za mwenye kipingamizi kujitokeza ofisini, asije akajitokeza ukumbini. Mtu mwenye neno na asipewe pa kulisemea, atalisemea kwenye kipaza sauti.

Mawingu na Mto Rufiji

Msomaji wa Dar es Salaam amezoea vuli na masika. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili hivi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huutolea utabiri wake mahususi kabla haujaanza. Kamati inayopanga harusi ya Februari bila kuusoma isiseme mvua iliwashtukiza.

Yako makubwa kuliko mvua. Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019, Mtwara ilikaa kimya kama mji uliohamwa. Kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja. Tahadhari ilikuwa imetolewa, shule na ofisi zilifungwa, wakazi wa mabondeni wakaambiwa waondoke. Jioni ile kimbunga kilitua Cabo Delgado na kuacha maafa makubwa, na Mtwara ikanusurika. Lakini tazama tarehe: ilikuwa Shaabani, mwezi ambao Waislamu wa pwani hukimbizana kuoza kabla ya Ramadhani, na zilibaki siku zisizofika kumi na tano. Aliyekuwa na siku moja tu kichwani alikuwa na uchaguzi wa kutisha: kufunga ndoa penye hatari, au kungoja mpaka baada ya mfungo. Aliyekuwa amekubaliana mapema na sheikh, mpishi na mwenye maturubai juu ya siku ya akiba alisogeza tu.

Miaka mitano baadaye, Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kiliingia Mafia. Ilikuwa Mfunguo Mosi, msimu mwingine wa harusi. Upepo ulipungua, lakini mvua iliyomwagika Kilwa iliikata barabara kuu maeneo ya Somanga. Magari yalikwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 560. Barabara hiyo ikikatika, njia ya kuzunguka ni Morogoro, Iringa, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, zaidi ya mara mbili ya safari. Hebu fikiria kosta lenye ndugu thelathini, gauni, keki na mshereheshaji, limesimama mbele ya daraja lisilokuwepo.

Wazee wa kusini hawakuhitaji somo hili. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na mvua zikikaza, kusini ilikuwa kama kisiwa. Harusi za enzi hizo zilitumia kilichopo: mchele wa bonde la Ruvuma, samaki wa Msimbati, ngoma ya kijiji. Kutoka kwao nimejifunza kanuni moja: kinachotoka ng'ambo ya Rufiji kifike siku tatu kabla, na kisichoweza kuwahi kiwe na mbadala wake hapa hapa. Gauni lifike mapema. Keki iokwe Mtwara. Mshereheshaji wa Dar aje, karibu sana, lakini kuwe na kijana wa mtaani anayejua majina ya wazee wa pande zote mbili.

Hata ndani ya Mtwara yenyewe kuna maji ya kuvuka. Wa Msangamkuu hutegemea kivuko kutoka Msemo. Vinginevyo ni kuzunguka kwa barabara ndefu. Barabara za Msimbati zina mchanga unaomeza magurudumu ya gari dogo, hasa lililofungwa maua na kujazwa watu saba. Mjue dereva aliyezaliwa huko, na gari la maharusi lipite njia hiyo angalau mara moja kabla ya siku, bila maua.

Korosho, ahadi na sufuria ya pili

Mkoani Mtwara ndoa nyingi hufuata korosho. Mavuno huanza Oktoba hivi, minada inafuata, na mkulima akishalipwa kupitia chama chake cha ushirika, ndipo posa zinapoanza kujibiwa. Mpango mzuri, ila una mguu mmoja. Mwaka 2018 mguu huo ulivunjika. Bei za wanunuzi zilikataliwa, na Novemba serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likisomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri; malipo yakaja baada ya uhakiki, na kwa wengi uhakiki ulichukua miezi. Mwenye harusi ya Desemba alikuwa tajiri ghalani na maskini mfukoni.

Kwa hiyo kamati isichanganye ahadi na fedha. Daftari la michango liwe na safu mbili, na bajeti itoke kwenye safu ya zilizopokelewa. Kisha bajeti igawanywe mafungu matatu: la mkeka, la sufuria, la mapambo. La mkeka ni mahari, ada, nauli na malazi ya wale watano. Fedha ya kwanza kuingia iende huko. Ya mwisho iende kwenye mapambo. Kamati nyingi hufanya kinyume, zikatanguliza ukumbi na taa, na wiki ya mwisho mahari inakopwa. Na katika kila shilingi kumi, moja iwekwe pembeni kwa dharura, isishikwe na mhazini bali na shangazi bahili kuliko wote, anayetaka kujua damu imemwagika wapi kabla hajafungua pochi.

Chakula kina dharura yake ya kudumu: watu. Kijijini kadi haimzuii mtu, na hakuna atakayemfukuza jirani penye pilau. Wapishi wengi hupiga hesabu ya kilo ya mchele kwa watu wanane hadi kumi. Kosa si hesabu, kosa ni kupika yote mara moja. Mchele mbichi hauozi, pilau huchacha. Sufuria ya kwanza ipikwe kwa walioalikwa. Ya pili iwe tayari, maji pembeni, vitunguu vimekatwa, lakini isipande jikoni mpaka mtu mwenye jicho ahesabu vichwa chini ya maturubai. Wageni wa ziada wasipofika, mchele unarudi ghalani.

Umeme nao hauna adabu ya harusi. Gesi ya kufua umeme iligunduliwa hapa hapa kwetu, Mnazi Bay, mwaka 1982, na tangu 2015 bomba linaipeleka hadi Dar es Salaam, lakini spika ya harusi haisikilizi historia. Jenereta ikodiwe na ijaribiwe usiku wa kuamkia siku yenyewe, ikibeba spika zote na taa zote kwa pamoja. Kuwaka peke yake si jaribio. Dumu la petroli liwe mbali na jiko.

Mbebaji wa mabaya

Wakristo wanaijua harusi ya Kana ambako divai iliisha. Wengi hukumbuka muujiza. Mimi hutazama namna habari ile mbaya ilivyosafiri. Mama mmoja mgeni aligundua. Hakumwendea bwana harusi. Alimwambia mtu mmoja anayeweza kutenda, na watumishi. Mkuu wa meza akaishia kumsifu bwana harusi kwa divai nzuri, na bwana harusi hakujua alisifiwa kwa lipi.

Kila harusi inahitaji mtu wa aina hiyo, nami humwita mbebaji wa mabaya. Huyu ndiye anayeambiwa kwamba mpishi amechelewa, kwamba baba mdogo amelewa, kwamba pete imesahaulika. Kwa upande wa bibi harusi mila zetu zilishamteua: ni somo, yule aliyemfunda unyagoni, anayemjua kuliko dada zake. Simu ya bibi harusi ikae kwake tangu Ijumaa usiku. Kwa upande wa bwana harusi awe mjomba au rafiki asiyepayuka. Wote wengine waambiwe wazi: siku ile maharusi hawaulizwi wala hawaambiwi. Tatizo linaloweza kutatuliwa watalisikia likiwa limekwisha. Lisiloweza kutatuliwa, watalijua tu.

Mji wa karanga

Mtwara yenyewe ni funzo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwemo. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda bara. Matingatinga yaliletwa kabla udongo na mvua havijaulizwa vizuri. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni zipatazo milioni 36 zimepotea. Baadaye reli iling'olewa. Karanga hazikuja, lakini bandari ilibaki, na leo meli hupakia korosho pale pale.

Ilibaki kwa sababu ilikuwa na kazi hata bila karanga. Ndivyo ninavyopima mpango wa harusi siku hizi. Naondoa kichwani kitu kimoja kimoja: ukumbi, muziki, keki, mvua ikanyesha, kosta likakwama. Baada ya kila kimoja najiuliza kama bado kuna ndoa. Nikifika mahali jibu ni hapana, hapo ndipo naweka walinzi wawili.

Usiku wa kuamkia harusi, basi, kamati isihesabu viti. Ijiulize haya:

1. Bwana harusi, walii na kila shahidi wanalala wapi usiku huu, na je, kuna maji, kivuko au mchanga kati yao na mkeka?
2. Nani ni shahidi wa tatu, endapo mmoja hataamka?
3. Wakala wa walii ameshasemwa mbele ya watu, na mfungishaji anajua?
4. Mahari iko mkononi mwa nani?
5. Mfungishaji akiumwa, nani mwingine anaweza kufungisha, na ameshaulizwa?

Zikijibiwa hizo, watu wakalale.

Siku ile ya tope tulisubiri hadi maji yaliporudi. Wanaume wengine walikata tamaa mapema, wakakunja kanzu hadi magotini, wakatembea kati ya mikoko wakibeba zawadi kichwani. Mmoja alibeba godoro, na hadi leo anaitwa Godoro. Sisi wengine tuliwasili alasiri, mashua zikipita juu ya tope lile lile kama halijawahi kuwapo. Sufuria ya pili ilikuwa ndiyo kwanza inaepuliwa.

Wiki mbili baadaye tulikaa na maharusi kutazama picha. Bibi harusi alifika kwenye ile ya watu waliokunja kanzu, akaishika karibu na macho.

"Shemeji," akaniuliza, "hawa walikuwa wanavua kaa?"

Nikamtazama somo wake, aliyekuwa anamenya chungwa pale pembeni. Hakuinua hata kichwa.